Kisomo cha watu wazima Kigoma: watu hawana mwamko, au tunawapangia vibaya?

Mwambao_KGM (mwenye swali)

Wakuu, salaam. Nauliza kwa wanaoijua elimu ya watu wazima kwa vitendo, si kwa hotuba za mgeni rasmi.

Kata za mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi hadi kule Ilagala, hali ni ileile. Darasa la kusoma, kuandika na kuhesabu likitangazwa msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa mtaa, siku ya kwanza wanajaa watu thelathini na ushei. Mwezi wa tatu wamebaki sita au saba, wote akina mama. Wanaume wamepotea kabisa. Ukiuliza mtaani unajibiwa kwa methali, samaki mkunje angali mbichi. Wengine wanasema ngumbaru ilikuwa mambo ya enzi za Mwalimu, ilishapita. Viongozi nao wana jibu lao moja la siku zote: wananchi hawana mwamko.

Je, ni kweli tatizo ni mwamko? Ratiba ipi inafaa kwa watu wa mwaloni (pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa)? Na mtu akishajua kusoma aelekezwe wapi, maana swali la kwanza wanalouliza ni "nikimaliza napata nini?"

---

Karabai

Mkuu, kabla ya kulaumu mwamko chukua daftari la mahudhurio uliweke kando ya kalenda ya mwezi. Sizungumzii Januari na Februari, nazungumzia mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazina maana mbalamwezi ikiwa kali. Kwa hiyo wakati wa giza mvuvi yuko majini usiku kucha, asubuhi analala, mchana yuko kwenye nyavu na injini. Darasa la "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni" linamkuta anajiandaa kuingia ziwani. Wiki ya kwanza atakuja kwa heshima, ya pili atakuja amechoka, ya tatu harudi. Wewe unaandika "mtoro".

Wanaume wa mwaloni wapangie siku za mbalamwezi, karibu juma moja kila mwezi. Usiseme "wiki ya pili ya kila mwezi", kwa sababu mwezi wa angani una siku 29 na nusu na ratiba yako itateleza. Tumia kalenda ambayo nusu ya Ujiji wanayo kichwani tayari: kuanzia tarehe 12 hadi 18 ya mwezi wa Kiislamu. Hapo hata asiye Mwislamu akitazama juu anajua kesho kuna darasa. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla hawajashika sindano za nyavu. Siku 7 kwa saa 2 ni saa 14 kwa mwezi. Ni chache, lakini saa 14 anazohudhuria zinafaa kuliko 24 zilizoandikwa ukutani.

Upungufu huo ufidie ziwa linapopumzishwa, yaani uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaane. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hizo ni wiki 13. Ukifundisha siku 4 kwa wiki, saa 2 kila siku, una saa 104 mfululizo ambazo mvuvi hana pa kwenda usiku. Angalizo: wapo wanaoondoka kwenda kulima au kutafuta vibarua mara tu ziwa linapofungwa. Darasa lianze siku ya kwanza ya kufungwa. Ukingoja wiki mbili ili mgeni rasmi apate nafasi ya kuzindua, umewakosa.

Akina mama ni kalenda nyingine kabisa. Asubuhi wanaanika, na kipindi cha mvua mtu hawezi kuacha dagaa chanjani akaja kusoma herufi. Wao baada ya Alasiri, saa 10:45 hadi 12:15, mara tatu kwa wiki. Kigoma jua linazama karibu saa moja, kwa hiyo mwanga upo na hauhitaji taa. Usiwachanganye na wanaume mwanzoni, nitaacha wengine waeleze kwa nini.

---

Kisomo_chenye_manufaa

Karabai amesema kweli kuhusu ratiba. Ila mwamko nao usifutwe mezani, tuuangalie vizuri unakaa wapi.

Angalia mji mmoja huuhuu. Mtumishi wa miaka 45 anayesoma Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo vya mikoa Kigoma na Tabora, anaitwa msomi, anapongezwa, mkewe anamwekea chai. Muuza samaki wa miaka 45 anayejifunza kuandika jina lake anaitwa ngumbaru. Wote wawili ni watu wazima wanaosoma. Kwa hiyo jamii haipingi mtu mzima kusoma. Inamcheka anayeanzia chini, na hilo tunaweza kulipunguza kwa mambo madogo sana.

La kwanza ni mahali. Darasa la kwanza la shule ya msingi halifai: madawati mafupi, magoti yanagonga juu, na watoto wanachungulia dirishani kumwona bibi yao akiimba a-e-i-o-u. Kuimba huko kwa pamoja ndiko kunakofukuza wanaume. Tumia ofisi ya kijiji, ukumbi wa ushirika au chini ya mwembe wenye ubao wa kuegemeza. Kama ni lazima iwe shuleni, chukua madawati ya darasa la saba.

La pili ni jina. Mbao za matangazo ziandikwe kile kitakachofundishwa: "kuandika hesabu za kikoba" (kikundi cha kuweka akiba na kukopa), "kutuma pesa kwa simu bila kumpa mtu namba ya siri". Hilo la namba ya siri peke yake linajaza darasa. Mtu amechoka kumpa mjukuu simu akamtolee pesa.

La tatu ni kuchanganya mkwe na mkwe, au mume na mke, kabla mtu hajapata kujiamini. Mwanaume akikosea ubaoni mbele ya mama mkwe umempoteza, na pengine umepoteza na rafiki zake. Baada ya miezi mitatu minne, wakishasoma sentensi, wachanganye.

Kuhusu "mambo ya enzi za Mwalimu". Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa sheria yake mwaka 1975, na kiwango cha wasiojua kusoma kilishuka kutoka zaidi ya theluthi mbili mwaka 1967 hadi chini kidogo ya asilimia 10 mwaka 1986. Kilichofanya kazi hakikuwa wimbo. Vitabu vya kisomo vilifungamanishwa na kazi ya mahali: kwenye pamba walisoma pamba, ziwani walisoma uvuvi, na redio ikabeba kampeni kama Mtu ni Afya ya 1973, watu wakajifunza huku wanachimba vyoo. Kilichoharibika baadaye nacho kinaeleweka. Uchumi uliyumba, walimu wa kujitolea waliokuwa wanapewa shilingi 30 kwa mwezi wakaachwa hivihivi, na vijijini hapakuwa na kitu cha kusoma baada ya kitabu cha kisomo. Mtu asipokuwa na cha kusoma, ujuzi unakauka. Kwa hiyo swali la "nikimaliza napata nini" ni halali kabisa.

---

Pwani_ya_Bara

Mnazunguka. Watu wanataka posho. Semina zimewaharibu.

---

Kisomo_chenye_manufaa

Wapo, mkuu. Dawa yake ni kulisema siku ya kwanza, dakika ya kwanza: hapa hakuna posho, hakuna soda. Watakaoondoka waondoke siku hiyo, usiwahesabu kama watoro wa mwezi wa tatu. Ila mwalimu ndiye asifanyiwe hivyo. Darasa lililofungamanishwa na kikoba ni rahisi, kila mwanachama anatoa kiasi kidogo kila wanapokutana kununua hisa na mwalimu anajua siku yake ya malipo. Darasa la mwalimu asiyelipwa chochote hufa msimu wa kilimo, kila mwaka, bila kukosa.

---

Mama_Silabi

Niongeze kuhusu macho, kwa sababu hapa ndipo wazee wengi wanaitwa wazito wa kuelewa bure.

Kuanzia miaka 40 hivi jicho linapunguza uwezo wa kuona karibu. Huo si ugonjwa, ni umri. Mzee anayesogeza kitabu mbali mpaka mkono unakwisha, au anayesema "herufi zinacheza", hana tatizo la kichwa, anahitaji miwani ya kusomea. Makadirio ya kuanzia: miaka 40 hadi 45 namba +1.00, karibu na 50 +1.50, karibu na 60 +2.00 hadi +2.50. Kituo kiwe na jozi tano sita za namba tofauti, mtu ajaribu akiwa ameshika kitabu sentimeta 40 kutoka usoni, achukue ile ndogo kuliko zote inayomwezesha kusoma bila kukunja uso. Ukimpa kubwa kupita kiasi ataumwa kichwa na ataacha darasa. Na ambaye haoni mbali wala karibu, au jicho lina ukungu mweupe au maumivu, huyo si wa miwani ya sokoni, aende hospitali akapimwe. Maandishi ya ubaoni yawe na urefu wa vidole vitatu vilivyolazwa, na mwanga utoke nyuma ya wanafunzi, usiwapige machoni.

Sasa ufundishaji. Acha vitabu vya watoto vya "Juma anacheza mpira". Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo silabi ndiyo njia fupi. Irabu tano kwanza, kisha neno la mahali. Kwa Kigoma naanza na *mawese*. Lina silabi tatu, ma-we-se, na kila moja inafungua familia: ma me mi mo mu, wa we wi wo, sa se si so su. Ni silabi 14 tu, lakini siku hiyohiyo mtu anatunga mama, mimi, wewe, sisi, soma, sema, mume, sumu, simama. Wiki ya pili anasoma "wewe soma, mimi simama", na wanacheka, ndiyo sababu wanarudi. Neno la pili *dagaa*, la tatu *pesa*, la nne *kikoba*. Michanganyiko kama nd, mb, mch na ng' ngojea mpaka silabi nyepesi zimekaa. Kosa la walimu wengi ni kuharakia *ndoo* na *mchele* wiki ya kwanza kwa sababu ni vitu vinavyoonekana.

Wanaotoka Kasulu na Buhigwe, lugha ya nyumbani ni Kiha, L na R zitagongana. Usimsahihishe kila neno. Chukua jozi moja, *kula* na *kura*, ifanyie kazi mpaka aone maana inabadilika, basi.

Ujiji kuna jambo la pekee. Utakuta mzee ameandikwa "hajui kusoma" kumbe anasoma Qur'ani tangu utotoni. Huyo ameshaelewa kwamba alama inabeba sauti, kazi iliyobaki ni alama mpya na mwelekeo. Ataanzia kulia mwa ukurasa na mkono utarudi huko mara nyingi. Chora mstari wa rangi pembeni kushoto na kila mstari uwekee nukta ya kuanzia. Kwa kawaida huyu atawatangulia wenzake, kwa hiyo mfanye msaidizi. Ukimwita mjinga siku ya kwanza ataondoka na heshima yake, na hatakosea.

Hesabu ni kinyume. Muuza dagaa anajumlisha na kutoa kichwani kuliko mwalimu. Hajui kuziandika tu. Anza na hesabu anazozifanya tayari, muulize chenji, kisha muonyeshe ubaoni kile alichofanya. Ukianza na 1+1 umemtukana.

---

Bani_la_Urambo

Tabora kalenda yetu ni tumbaku. Darasa linalofunguliwa Januari linakuta watu wanachuma na kukesha kwenye mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku) kuchunga moto. Sisi tunaweka nguvu baada ya kukausha na kuchambua, tukielekea soko, kwa sababu hapo mtu ana njaa ya kujua karatasi yake inasema nini.

Somo lenyewe ni karatasi ya mauzo. Uzito wa robota (furushi la tumbaku), daraja aliloandika mteuzi, bei ya daraja hilo kwa dola, dola kwa shilingi, kisha makato ya pembejeo. Mfano wa ubaoni, namba za mviringo: robota la kilo 60 kwa dola 2 ni dola 120, kwa shilingi 2,500 ni shilingi 300,000, toa mkopo wa mbolea. Kinachowaangusha ni nukta. Mtu anasoma 1.8 na 1.08 kama kitu kimoja. Tumia siku mbili nzima kwenye nukta, kwa kutumia mzani halisi, usiridhike na ubao. Mkulima akishaweza kuuliza "mbona daraja hili bei yake siyo hii?" hutahitaji kumhamasisha mwenzake.

---

Mtahiniwa_Huru

Nijibu lile la "aende wapi", kwa sababu njia zipo na watu wanachanganyiwa.

Mtu mwenye cheti cha darasa la saba anayetaka kidato cha nne haanzi kidato cha kwanza na watoto. Anafanya Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, ambao maswali yake ni ya kidato cha kwanza na cha pili. Akifaulu anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa Januari, unaenda kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kilichosajiliwa, mkuu wa kituo anakupa namba, unalipia kwa namba ya malipo, unajaza taarifa na picha mtandaoni. Ukivuka muda wa kawaida kuna faini, na siku za mwisho mtandao huwa unazidiwa. Tangazo la Baraza la Mitihani la mwaka husika ndilo la kufuata kwa ada na tarehe.

Yanayoharibika: jina la cheti cha darasa la saba likiwa tofauti na la kitambulisho cha taifa. Lirekebishe kabla ya kujisajili, usingoje cheti cha kidato cha nne kitoke. Pili, kuchukua masomo mengi. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti vinataka D nne, na somo la dini halihesabiwi humo. Ujiji nimeona watu wanabeba masomo kumi na la dini ndilo wanalolitegemea, wanabaki na D tatu zinazohesabika.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: lugha. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mtu aliyeacha shule miaka ishirini iliyopita haanguki kwa kutojua historia, anaanguka kwa kutoelewa swali. Miezi mitatu ya kwanza iwe Kiingereza tu: maneno ya maswali, yale yanayomtaka ataje, aeleze, atofautishe, kisha aya fupi za uraia na jiografia. Madarasa ya jioni yanayoanza na noti za kunakili yanapoteza pesa za watu.

Asiyetaka mitihani hiyo kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kwa Kigoma kuna Kihinga, Kasulu na Kibondo, Tabora kuna Sikonge, Urambo na Nzega. Vilianza miaka ya 1970 kwa kuiga shule za watu wazima za Sweden, na vina kozi fupi pamoja na za miaka miwili. Akina mama wenye watoto wadogo waulize kuhusu mpango wa Elimu Haina Mwisho kwenye vyuo hivyo, ulilenga wasichana walioacha sekondari na baadhi ya vyuo vina mahali pa kulelea watoto.

Na fundi aliyejifunza kazi mtaani, seremala au mwashi, asirudi darasani kuanza upya. VETA (mamlaka ya elimu ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, anapimwa kwa kazi yenyewe, mapungufu yake anaongezewa, anapata cheti. Aende na kazi zake, picha na shahidi wa aliowafanyia.

---

Mwambao_KGM

Nimewaelewa, shukrani. Swali dogo: hilo la samaki mkunje angali mbichi nijibu nini mkutanoni?

---

Karabai

Waulize wauza migebuka iliyokaushwa. Ukiiloweka usiku, asubuhi inakunjika. Halafu usiongeze neno, wapitishie karatasi ya majina na uwaambie tarehe 12 ya mwezi ujao wa Kiislamu, saa mbili asubuhi, waje na sindano za nyavu kama wanazo, tutaandika huku wanashona.

---

Mama_Silabi

Na penseli usinunue zile nyembamba za watoto. Mkono wa mvuvi umekakamaa kwa kamba, haushiki. Nunua za mwili mnene wa pembe tatu, au zungushia mpira wa baiskeli uliokatwa vipande vya sentimeta tatu. Madaftari ya mistari mikubwa.